Ushahidi Uliotawanyika: Mtoto wa ADHD na Hofu ya Bipola Jijini Nairobi

Wazazi wengi wa Nairobi husikia habari za ADHD shuleni kabla ya kuzisikia hospitalini. Mtoto hatulii kitini, anapoteza penseli na sweta, anajibu kabla swali halijaisha, na diary ya shule inarudi nyumbani imejaa wino mwekundu: hakumaliza zoezi, alimsukuma mwenzake, mzazi aje Jumatatu. Mzazi anapofika, mwalimu hana maneno mengi. "Mama, huyu amenishinda." Kuanzia hapo familia inaanza kutafuta daktari, na wengi hupata jina la hali hiyo, dawa au ushauri, na nafuu ya kiasi.

Kwa baadhi yao mambo hayakomei hapo. Mtoto akishafika miaka tisa, kumi au kumi na miwili, yanazuka mengine. Hasira zinakuwa kubwa kuliko chanzo chake. Kuna usiku anaokesha akizungumza na kupanga mipango isiyo na kichwa wala miguu, na asubuhi yuko macho kana kwamba alilala fofofo. Kisha zinafuata siku za kujifungia, chakula hakiliwi, machozi hayana sababu. Mtu mmoja, huenda daktari, huenda shangazi mwenye jamaa aliyewahi kuugua, anataja bipola. Mzazi aliyekuwa ameanza kuizoea ADHD anabaki na swali jipya: je, ni hali moja iliyozidi au ni magonjwa mawili ndani ya mtoto mmoja?

Swali hilo lina jibu, ila halitolewi kwa ziara moja ya kliniki. Linahitaji miezi ya kutazama, na linahitaji watu kadhaa waseme wanachokijua. Maisha ya Nairobi, kuanzia vyumba vya Kangemi na Kawangware hadi maghorofa ya Kileleshwa na Lavington, yamewatenganisha watu hao.

Tuanze na tofauti yenyewe. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo. Huonekana kabla ya umri wa miaka 12, hujitokeza zaidi ya mahali pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia, na ipo leo, kesho na mwaka ujao. Makadirio ya dunia nzima yanaelekea mtoto 1 kati ya 20. Bipola huja kwa vipindi. Kipindi cha wazimu wa furaha au ghadhabu, ambacho madaktari hukiita mania, huhesabiwa kuwa mania kamili kikidumu wiki nzima au kikimpeleka mgonjwa hospitalini. Kile chepesi zaidi hudumu angalau siku nne mfululizo. Kipindi kikipita, mtu hurudia hali yake, au huporomoka katika huzuni nzito. Kabla ya balehe ugonjwa huu ni nadra. Wengi huanza kuugua mwishoni mwa ujana na mwanzoni mwa miaka ya ishirini.

Tatizo ni kwamba dalili nyingi zinafanana kabisa. Kuongea mfululizo, kukatiza wengine, kurukia jambo hili na lile, kutotulia, kukasirika upesi: zote zimo kwenye orodha ya ADHD na zote zimo kwenye orodha ya mania. Mtafiti Barbara Geller wa St. Louis, Marekani, alilishughulikia fumbo hili kwa miaka mingi akiwalinganisha watoto wa makundi haya mawili. Alionyesha kwamba kuna dalili tano zinazosaidia kuwatenganisha: furaha iliyopitiliza isiyolingana na tukio, kujiona mkuu kupita kiasi, mawazo yanayokimbia, kutohitaji usingizi, na hamu ya mambo ya ngono isiyolingana na umri wala haitokani na kudhulumiwa. Hasira haimo katika orodha hiyo. Mzazi anayehangaika na mtoto mwenye hasira anafaa kulishika jambo hilo, kwa maana hasira ndiyo inayowafanya wengi waifikirie bipola, na ndiyo dalili isiyoweza kuthibitisha lolote peke yake.

Marekani iliipata elimu hii kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1990 kundi la madaktari wa Boston, wakiongozwa na Joseph Biederman wa hospitali ya Massachusetts General, lilisisitiza kwamba bipola ya watoto ipo kwa wingi na kwamba kwao hujitokeza kama ghadhabu isiyokoma badala ya vipindi. Matokeo yake yalikuwa ya kustaajabisha. Kati ya mwaka 1994 na 2003, ziara za watoto na vijana kwa madaktari wa Marekani zilizoandikiwa bipola ziliongezeka mara 40 hivi. Uingereza haikuona wimbi kama hilo. Zilipokuja kulinganishwa takwimu za hospitali, kiwango cha watoto na vijana waliotoka wodini Marekani wakiwa na jina hilo la ugonjwa kilikuwa zaidi ya mara 70 ya kile cha Uingereza. Haiwezekani ubongo wa watoto wa nchi mbili uachane kiasi hicho; kilichoachana ni kalamu za madaktari.

Desemba 2006, katika mji wa Hull, Massachusetts, msichana wa miaka minne alikufa kwa dawa zilizozidi mwilini. Alikuwa ameandikiwa ADHD na bipola kabla hajatimiza miaka mitatu. Wazazi wake walihukumiwa mwaka 2010, na kesi hiyo iliwafanya wataalamu wengi wajiulize hadharani waliwezaje kufika huko. Wakati huohuo Ellen Leibenluft, wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, alikuwa akiwafuatilia watoto wenye ghadhabu ya kila siku. Aligundua kwamba wanapokua wengi wao huelekea kupata sonona na wasiwasi, si bipola. Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ukawatengea jina lao, DMDD, hasa ili kuwaondoa watoto hao katika kapu la bipola.

Historia hiyo inaihusu Nairobi kwa sababu vitabu, miongozo na video anazozitazama mzazi wa Westlands usiku wa manane vinatoka kulekule, na vingine vilitungwa wakati wa wimbi lile. Hata hivyo, hatari iliyozoeleka zaidi hapa ni ya upande wa pili: mtoto hapelekwi kwa mtaalamu kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana wa miaka 10 hadi 17, ambao kituo cha utafiti cha APHRC cha hapahapa Nairobi kiliutoa mwaka 2022 pamoja na vyuo vya Queensland na Johns Hopkins, ulionyesha kwamba vijana 44 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na 12 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa unaotimiza vigezo vya kitabibu. Wengi wao hawajawahi kuketi mbele ya mtaalamu. Wanachapwa, wanaombewa, wanahamishwa shule.

Kuchapwa, kwa kweli, kulikwishapigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo. Mtoto wa ADHD ndiye anayebaini upesi kuliko wote kwamba kiboko bado kipo. Hukosea tena dakika kumi baada ya kuadhibiwa, na mwalimu huona ukaidi pale ambapo mtaalamu angeona ubongo unaoshindwa kujizuia. Akiwa na bipola juu yake, adhabu ya hadharani wakati wa kipindi cha mania huwasha moto ambao darasa zima halitausahau.

Turudi kwenye ushahidi. Daktari wa akili wa watoto anayetaka kujua kama bipola ipo anatafuta mambo matatu: jinsi mtoto anavyolala, jinsi anavyobadilika kwa wiki na miezi, na nani katika ukoo aliwahi kuugua. Katika familia ya kawaida ya Nairobi mambo haya matatu yako kwa watu watatu tofauti. Wazazi wanaondoka alfajiri, mmoja akipanda matatu ya 46 pale Kawangware kuja mjini, mwingine akikwama Waiyaki Way, na wanarudi usiku. Anayejua mtoto alilala saa ngapi, alikula nini, na ni lini alianza kuongea peke yake ni dada wa kazi. Anayeweza kuona anavyobadilika wiki hadi wiki ni mwalimu, ambaye huenda ana wanafunzi sitini darasani. Na anayejua habari za ukoo ni nyanya aliye Vihiga, Siaya au Murang'a. Katika kikao cha kliniki anaingia mzazi mmoja, mara nyingi mama, akiwa amebeba robo ya habari.

Dada wa kazi anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Kuna wazazi wanaoona haya kumpeleka kliniki, na kuna dada ambaye hathubutu kusema alichokiona kwa kuhofia kuambiwa amemharibu mtoto. Ilhali sentensi yake moja, kwamba tangu Jumanne mtoto analala saa nane za usiku na saa kumi ameshaamka anaimba, ina uzito kuliko kurasa kadhaa za dodoso.

Kuhusu ukoo, ukimya ni mzito zaidi. ADHD hurithiwa kwa kiwango cha juu, na bipola pia. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana bipola ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuipata, huku kwa watu wote kwa jumla ukiwa 1 au 2 kati ya 100. Kwa hiyo swali la daktari kuhusu mjomba au babu si la udadisi. Lakini tangu hospitali ya Mathari ilipofunguliwa mwaka 1910 kama hifadhi ya wendawazimu, jina lake limekuwa tusi mitaani, na ndugu aliyelazwa huko hufichwa hata kwa wakwe. Mume hajui kwamba dada wa mkewe alikuwa akitoweka nyumbani kila mwaka. Mke hajui kwamba baba mkwe, aliyesifiwa kwa kununua ng'ombe kumi kwa siku moja na kuwagawa, baadaye alikaa miezi kitandani. Simulizi hizo husemwa kwa sauti ya chini matangani. Zingesemwa katika chumba cha daktari, zingeokoa miaka.

Ndiyo maana daftari la kawaida la mistari, la kununuliwa dukani, linabaki chombo bora alichonacho mzazi. Kila siku mstari mmoja: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, hali ya moyo kwa namba kutoka moja hadi kumi, jambo lisilo la kawaida, dawa aliyopewa na saa. Kwa msichana aliyevunja ungo, siku za hedhi ziongezwe. Baada ya miezi mitatu, kurasa hizo zinaanza kuonyesha kitu. ADHD peke yake huonekana kama ukurasa unaofanana na mwingine: namba zinapanda na kushuka ndani ya siku, kulingana na hesabu za shule, njaa au ugomvi na kaka. Bipola huonyesha kundi la siku zilizoshikana, usingizi wa saa tatu au nne bila uchovu, halafu kundi jingine la siku za giza.

Usingizi unahitaji tahadhari ya pekee katika jiji hili. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila usiku. Wako watoto wa Uthiru, Kinoo na Kikuyu wanaoamshwa saa kumi na nusu usiku ili wawahi basi la shule, na wanarudi jioni na homework. Mtoto anayepata saa sita au saba tu za usingizi kwa muhula mzima atakuwa mwepesi wa hasira, msahaulifu na asiyetulia, hata kama ubongo wake hauna kasoro. Tofauti ni ndogo ila ina maana: aliyenyimwa usingizi huuhitaji, na Jumamosi hulala hadi adhuhuri, ilhali aliye katika mania hauhitaji.

Yapo mengine ya kuondolewa kwanza. Tonsili kubwa zinazomfanya mtoto akorome, upungufu wa damu, masikio yasiyosikia vizuri, kifafa cha kuzubaa sekunde chache ambacho mwalimu hukiona kama kutosikiliza. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI kule Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi jinsi malaria kali ya ubongo na kifafa vinavyoacha matatizo ya umakini na tabia kwa watoto, na Nairobi imejaa watoto waliozaliwa au kulelewa sehemu za malaria kabla ya kuletwa mjini. Kuna pia mtoto anayedhulumiwa na hasemi. Daktari anayeandika jina la ugonjwa bila kuuliza haya amefanya haraka, hata awe na vyeti vingapi ukutani.

Wapi pa kwenda? Hospitali ya Kenyatta, iliyo jirani na Upper Hill, ina idara ya afya ya akili inayofanya kazi bega kwa bega na Chuo Kikuu cha Nairobi, na ndiko familia nyingi za kipato cha chini huishia baada ya barua ya rufaa. Upande wa kulipia kuna Aga Khan pale Parklands, hospitali ya watoto ya Gertrude's yenye makao yake Muthaiga, na Chiromo, iliyoanzishwa na Dkt. Frank Njenga. Huyo ndiye aliyeongoza jopo la kitaifa la afya ya akili ambalo mwaka 2020 lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Madaktari waliosomea akili za watoto hasa ni wachache mno, na karibu wote wako jijini. Kwa shule, vituo vya tathmini vya EARC vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark humchunguza mtoto na kushauri awekwe katika mazingira gani. Ofisi za Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ziko Waiyaki Way, mkabala na ABC Place. Wazazi wengi hupita hapo kila siku bila kujua kwamba ulemavu unaotokana na hali ya akili nao husajiliwa.

Dawa ndiyo sababu kubwa ya kutaka uhakika. Methylphenidate, inayojulikana zaidi kwa jina la Ritalin, ndiyo dawa iliyochunguzwa kuliko zote kwa ADHD. Katika jaribio la Marekani la mwaka 1999 lenye watoto 579, uangalizi makini wa dawa ulipunguza dalili za msingi kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikataa mara mbili, 2019 na 2021, kuiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na kwa nchi kama Kenya hilo halisaidii upatikanaji wake. Inadhibitiwa kimataifa, kwa hiyo haiuzwi bila karatasi ya daktari, na mzazi anaweza kuzunguka maduka ya dawa ya mjini akitafuta kidonge kilekile alichopata mwezi uliopita.

Kwa mtu mwenye bipola, dawa hiyo, ambayo ni kichocheo, ikitolewa peke yake inaweza kuamsha mania. Watafiti wa Sweden, wakitumia rekodi za wagonjwa wa bipola, waligundua kwamba hatari hiyo iliongezeka zaidi ya mara sita katika miezi mitatu ya kwanza kwa waliotumia methylphenidate bila dawa ya kutuliza hali ya moyo. Waliokuwa na dawa hiyo ya kutuliza hawakupatwa na ongezeko hilo. Kutokana na hilo utaratibu uko wazi: bipola ikithibitishwa, hali ya moyo hutulizwa kwanza, kisha ADHD hutibiwa kwa dozi ndogo inayopanda polepole. Pale ambapo bipola inashukiwa tu, kumnyima mtoto dawa ya ADHD kwa miaka kadhaa kwa hofu peke yake nako ni kumdhuru. Anaanzishwa kwa dozi ndogo, daftari linaendelea, na kila mtu nyumbani anajua dalili za kumpigia daktari simu siku hiyohiyo.

Dawa za bipola nazo zina masharti yake. Lithiamu inahitaji vipimo vya damu, figo na tezi ya shingo mara kwa mara. Mtoto akiharisha au akikosa maji, kiwango chake mwilini hupanda hadi kuwa sumu, na dawa za maumivu za jamii ya Brufen, ambazo kila kioski cha dawa kinauza, hufanya vivyo hivyo. Valproate ni nafuu na inapatikana, lakini huharibu mimba, na Shirika la Afya Duniani limeshauri isitumiwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa. Mama wa msichana wa miaka kumi na mitatu ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kupewa kopo.

Nyumbani, mbinu za ADHD zinajulikana na zinafaa: agizo moja kwa wakati, ratiba isiyobadilika, sifa inayotolewa papo hapo. Wakati wa mania mbinu hizo hazitoshi. Kubishana na mtoto anayeamini kwamba anaweza kununua jumba zima la maduka la Sarit Centre hakufiki popote. Kinachofaa ni chumba tulivu, simu na pesa kuwekwa mbali, ndugu zake kulindwa, na daktari kupigiwa. Na wakati wa huzuni, kila neno kuhusu kifo lichukuliwe kwa uzito wote. Mpaka Januari 2025 wazazi walikuwa na sababu ya kuogopa hata kulisema hospitalini, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinakiuka Katiba. Hofu hiyo haina msingi tena wa kisheria, na inafaa kila mzazi wa kijana ajue hivyo.

Ugumu mkubwa kuliko wote unakuja pale ambapo wazazi hudhani wamevuka. Bipola ya kweli hupenda kujitokeza kati ya miaka 15 na 19. Huo ndio umri ambao mtoto wa Kenya anaondoka nyumbani kwenda sekondari ya bweni, na kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia sekondari ya juu Januari 2026. Huko preps zinaanza kabla ya jua, usingizi unakatwa, dawa zinafungiwa kwa matron, na wote waliokuwa wakimtazama, yaani dada, mama na mwalimu wa darasa, hawapo. Akifika miaka 18 faili lake linatoka kliniki ya watoto na kwenda kwa watu wazima, kwa daktari asiyemjua. Familia inayoweza kumpeleka shule ya kutwa iliyo karibu, Westlands au Dagoretti, ina sababu nzuri ya kitabibu ya kufanya hivyo kwa miaka hiyo mitatu, hata kama matokeo yake yalimpa nafasi ya shule yenye jina kubwa. Isiyoweza inahitaji barua ya daktari kwa mkuu wa shule yenye mambo manne: saa za dawa, saa za kulala zisizopungua nane, dalili tatu za kuangaliwa, na namba ya simu ya kupigiwa usiku.